Jogoo Tuliyempa Mtani

Tangazo lilinifikia kwenye simu Jumatano asubuhi, nikiwa nimeegesha gari la mikate nyuma ya duka moja Walthamstow. Lilikuwa na picha ya nyumba nyeupe yenye paa la vigae, nyuma yake mlima wa kuchora, na maneno makubwa: uliye Uingereza, miliki kiwanja nyumbani, hati mkononi. Chini, ndani ya duara, palikuwa na uso wa mgeni rasmi. Mvi zilikuwa zimemjaa na mashavu yameongezeka, lakini pengo la meno ya mbele lilikuwa lilelile.

Nilikaa kwenye usukani nikiutazama uso ule mpaka mwenye duka akatoka kuniuliza kama mikate yake ilikuwa inaokwa upya humo ndani.

Mtu yule aliwahi kuwa bwana ardhi wa wilaya yetu. Ndiye aliyetunyang'anya kiwanja chenye kaburi la baba yangu. Tangu nitoke nyumbani nimeishi miji mitano katika nchi nne, na hapa London peke yake nimehama vyumba tisa. Watu huniuliza kwa nini situlii. Huwa nawajibu kwamba kodi imepanda, au mwenye nyumba ana kelele. Ukweli ni kwamba aliyevunjiwa kwao hujifunza kutopigilia misumari ukutani.

Baba alifariki mwaka mmoja baada ya mimi kumaliza kidato cha nne. Tulimzika nyumbani, pembeni mwa mji, mahali palipokuwa bado shamba la migomba, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Kwetu msiba hauendi bila watani. Kabila letu na kabila la bwana ardhi ni watani tangu enzi za mababu waliopigana mpaka wakachoka. Mtani akija msibani ana ruhusa ambazo hata ndugu hana. Atalala kwenye kitanda cha marehemu, atakutukana mbele ya wakwe zako, atakamata jembe la kuchimbia kaburi na kukataa kulitoa mpaka akombolewe kwa kitu. Nawe ukikasirika, aibu ni yako.

Bwana ardhi alifika siku ya mazishi, akaingia chumbani na kutoka amevaa koti la baba. Akatembea kama baba, mguu wa kushoto ukiburuzwa kidogo, akakohoa kile kikohozi cha baba cha kuomba chai. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Kaburi lilipofukiwa alichomeka kijiti upande wa kichwa akatangaza, "Kuanzia hapa hadi kwenye mparachichi ni kwangu! Mjane akitaka kupita, aje aniombe!"

"Mwizi mkubwa wewe," mama akamjibu, "hata maiti humwachi!" Na akacheka. Alikuwa hajacheka kwa siku tatu. Akaagiza jogoo aletwe, akamkomboa mumewe kwa jogoo yule mwekundu. Bwana ardhi akampachika kwapani, akazunguka kaburi akiwika. Nilimpenda mtu yule siku ile. Naandika na hilo, kwa sababu chuki yangu ilianzia hapo.

Mwaka uliofuata mji ukatufikia. Wapimaji walikuja na kamba zao, wakafukia bikoni za saruji kwenye pembe za kila kiwanja, na ikasemekana kila mwenye eneo apeleke ushahidi wake ofisini. Mama alikuwa na karatasi moja ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Bwana ardhi alipita mwenyewe nyumbani, akanywa uji, akasema, "Mtani, nipe hiyo karatasi nikuingizie jina kitabuni. Usisumbuke na foleni." Mama akampa. Hakubaki na nakala. Nani anamdai mtani stakabadhi?

Hati ilitoka kwa jina la mfanyabiashara wa vipuri vya magari ambaye hatukuwahi kumwona. Nyumba yetu ya vyumba viwili ilivunjwa asubuhi moja kwa trekta. Kaburi liliachwa kwa sababu dereva wa trekta alikataa kuligusa. Kisha likaja tofali, ukuta ukapanda juu ya kichwa cha mtu mrefu, likafungwa lango la chuma la buluu, na baba akabaki ndani.

Mama alimfuata bwana ardhi ofisini kwake. Nilikuwa naye. Mtu yule alimsikiliza mpaka mwisho, akaegemea kiti, akasema mbele ya makarani wake, "Mtani, si nilikwambia siku ya msiba? Kuanzia kaburini hadi kwenye mparachichi. Na wewe ulicheka!" Makarani wakaangua kicheko. Mama alitazama huku na huku, nikaona anatafuta uso wa kucheka nao, maana ndivyo alivyolelewa, lakini hakuupata.

Tukaenda ofisi ya kuzuia rushwa. Pale mtaani watu waliiita kwa kifupi ofisi ya rushwa, na mama aliposema anakwenda huko, jirani alimuuliza, "Ipi? Si zote?" Ilikuwa ofisi safi, ina bango la mkono uliokatwa kwa mstari mwekundu. Mchunguzi alikuwa kijana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliandika maelezo ya mama kurasa nne. Mama alieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Mwishoni yule kijana akauliza, "Kuna kitu chochote mlichowahi kumpa?"

Mama akatikisa kichwa. Mimi ndiye niliyesema. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nilikuwa nimefundishwa kwamba maelezo yakamilike, na nilitaka aone kwamba familia yetu haifichi neno. "Tulimpa jogoo," nikasema.

Kalamu ikasimama. "Jogoo?"

"Ni wa utani," mama akadakia. "Wa msiba."

"Lakini mlimpa. Na baadaye akashughulikia ardhi yenu." Aligeuza kitabu cha sheria kilichokuwa mezani, akatuonyesha kifungu kwa kidole. Mtoaji na mpokeaji wote wana kosa. Alisema kwa upole kabisa kwamba akiandika jogoo, jalada litamgusa na mama pia. Na asipoandika, atakuwa ameficha ushahidi. Alitushauri twende tukafikirie. Mama aliondoa malalamiko yake kabla hatujafika mlangoni, kwa dole gumba lenye wino.

Hiyo ndiyo sheria pekee niliyowahi kuiona ikikimbia. Ilimpita mbio yule mkubwa akiwa amekaa, ikaenda kumkamata mjane mwenye jogoo. Bwana ardhi alihamishwa akapewa wilaya kubwa zaidi. Baada ya miaka akagombea ubunge, akapita, akawa Mheshimiwa kwa vipindi viwili. Mara mbili niliandika barua kwa ofisi ileile, moja nikiwa nchi nyingine na moja kutoka Ilford nilipokuwa napanga kwa familia ya Wahindi wa Kampala. Mara zote nilijibiwa kwamba suala langu limepokelewa na linafanyiwa kazi. Mchunguzi mwenye kalamu mbili niliambiwa alihamishwa pia.

Mama alipanga chumba kwa jirani aliyekuwa anajenga ghorofa upande wa pili wa barabara. Ghorofa halijaisha hadi leo. Kila Jumapili baada ya kanisa hupanda ngazi zisizo na kingo mpaka dari ya kwanza, na akisimama kwenye kona anaona msalaba wa saruji ng'ambo ya ukuta. Ana miaka zaidi ya sabini. Hakuna alichoniomba kwa miaka yote hiyo, si simu wala friji, isipokuwa kimoja: aingie akafagie kaburi la mumewe. Na aliyewaonyesha wenye sheria njia ya kumzuia ni mimi.

Basi Jumamosi ile niliomba ruhusa kazini, nikavaa suti yangu moja na kupanda treni kwenda Ilford, kwenye mkutano wa lile tangazo. Njiani nilipanga maneno. Nimekuwa nikiyapanga maneno yale nikiwa nasubiri viza, nikiwa kwenye viti vya ofisi ya uhamiaji ya Croydon nikisubiri kuitwa namba yangu, mahali ambapo sheria ya Waingereza ilinichunguza mpaka risiti ya basi. Mtu yule, niliambiwa, huja hapa mara mbili kwa mwaka na ana nyumba ya ghorofa upande wa mtoni, isiyokaliwa na mtu, ambayo taa zake haziwaki. Hakuna aliyemuuliza risiti.

Ukumbi ulikuwa juu ya duka la mazulia. Palikuwa na watu kama sitini: manesi waliotoka zamu, vijana wa maofisini, wazee wawili watatu, watoto wakikimbizana kwa Kiingereza. Sambusa zilikuwa zimepangwa kwenye trei. Mheshimiwa alisimama karibu na projekta akipokea salamu, na kabla sijajiandaa mstari ukanifikisha mbele yake. Nilifungua mdomo nimwage matusi ya miaka ishirini na kitu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, kijana. Hujambo? Kwenu wapi?"

Nilitaka kuukata ulimi wangu. Nikamtajia kwetu, wilaya tu. Uso wake ukachanua.

"Aaa! Mtani wangu!" Akawageukia watu. "Jamani, hawa ndio wale walioogopa gari la kwanza wakalimwagia maharage wakidhani lina njaa! Mmefikaje Ulaya? Mlitembea?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, na katikati ya kicheko kile moyo wangu ukatulia kama maji mtungini. Hakuwa amenitambua. Lakini alikuwa amefungua mlango mwenyewe, mbele ya mashahidi sitini, kwa neno lake mwenyewe.

Nilingoja. Akatuonyesha ramani kwenye ukuta, viwanja vya kijani na vya njano, barabara zitakazochongwa. Akavua koti lake, koti zuri la sufu la kijivu, akalitundika kwenye kiti kwa sababu ukumbi ulikuwa na joto. Fomu zikagawiwa. Aliposema "maswali," nilisimama, nikaenda mbele, nikalichukua koti lile kwenye kiti na kulivaa.

"Koti hili sasa ni langu," nikasema. "Mtani akilitaka, alikomboe."

Ukumbi ulilipuka. Mama mmoja alipiga kigelegele. Msichana mdogo aliyezaliwa hapa alimuuliza mama yake kwa Kiingereza kama yule mtu anaruhusiwa kufanya vile, na mama akamjibu, "Huyo ni mtani wake, kaa kimya uone." Mheshimiwa naye alicheka, angefanya nini? "Chukua mikrofoni kabisa!" akasema. "Useme unachotaka. Ugali?"

"Sitaki ugali," nikasema kwenye mikrofoni, nami nikitabasamu. Nikatembea kidogo kama yeye, tumbo mbele, na watu wakazidi. "Nataka anirudishie baba yangu. Mwenzenu huyu alikuja kwenye msiba wetu akavaa koti la marehemu, hivi hivi. Akachomeka kijiti kaburini akasema eneo ni lake. Tukamkomboa baba kwa jogoo. Jogoo akala. Kaburi hajarudisha mpaka leo!"

Walicheka tena, ila nyuma kicheko kilianza kukatika. Nikaendelea kwa sauti ileile ya mzaha. Nikaeleza karatasi ya mama, uji aliokunywa, trekta, lango la buluu, ofisi yenye bango. Nikaeleza kwamba sheria ya nchi yetu ilisoma jalada zima na kumkamata jogoo. Nilipofika hapo hakuna aliyekuwa anacheka isipokuwa mimi. Sitasema uongo, ilikuwa tamu. Nimekula vitu vingi vitamu katika miji mitano, sijala kama kile.

Nesi mmoja aliyekaa mstari wa mbele, fomu ikiwa magotini, akauliza, "Mheshimiwa, ni kweli haya?"

"Ah, dada, huyo mtani. Msimsikilize."

"Nakuuliza wewe."

"Mambo ya wilayani ya zamani hayo. Kila mtu ana kesi ya kiwanja."

Nesi akafunika kalamu yake na kuitia mkobani. Mzee mmoja pembeni akamwambia, "Mwanangu, tukimkataa kila aliyekula, tutanunua kwa nani? Kwa malaika?" Wengine wakaguna kwamba ni kweli. Fomu moja ilirudishwa mezani, na nyingine. Mwenye mkutano akatangaza mapumziko ya chai haraka haraka.

Mheshimiwa akanishika kiwiko, akanitoa nje hadi kwenye kibaraza karibu na choo. Nje ya macho ya watu hakuwa na utani.

"Wewe ni yule kijana wa jogoo," akasema. "Mama bado yupo?"

"Yupo."

"Unataka nini?"

"Afike kwenye kaburi la mumewe."

"Hilo tu?" Alipumua kama mtu aliyedhani bei ni kubwa. "Nitampigia mwenye eneo. Ijumaa lango litakuwa wazi, mama apite apendavyo mpaka Mungu amchukue. Neno langu hilo. Wewe rudi ndani, useme ulikuwa unatania. Sentensi moja."

"Niandikie."

"Mimi na wewe ni watu wa kuandikiana, mtani?"

Nilisimama pale na koti lake mwilini, linanuka manukato yake. Nilimwona mama kwenye dari ya jirani, ameshika nguzo yenye nondo. Sentensi moja ilikuwa kitu kidogo. Ilikuwa ndogo kama jogoo. Nikamwambia sawa. Akanipiga begani, tukarudi ndani pamoja, na watu wakanyamaza kutusikiliza. Akanipa mikrofoni kwa mkono wake.

"Ndugu zangu," nikasema, "Mheshimiwa ameniambia hapo nje kwamba anaweza kufungua lango lile Ijumaa hii, kwa simu moja. Nami namwamini. Maana yake ni kwamba miaka yote hii funguo alikuwa nazo."

Nilivua koti nikamwekea mabegani, taratibu, kama unavyomfunika mgonjwa. Sikudai komboleo. Nesi alikuwa wa kwanza kutoka. Waliomfuata walikuwa wengi, ingawa si wote. Yule mzee alibaki akijaza fomu yake. Mheshimiwa alikaa kwenye kiti huku ramani ya viwanja ikimwangaza usoni, ya kijani na ya njano, na hakuna aliyemsogelea. Nilikaa mstari wa mbele nikamtazama mpaka mwenye mkutano akazima projekta.

Kuna rafiki aliyenishauri nipeleke malalamiko kwa polisi wa hapa, kuhusu fedha zilizonunua ile nyumba ya mtoni. Nilijaza fomu ya mtandaoni. Ilinitaka nitaje hasara yangu kwa pauni, na haikuniruhusu kwenda mbele nikiacha nafasi wazi. Sikujua kaburi ni pauni ngapi. Niliandika moja. Nimejibiwa kwa barua pepe yenye namba ya kumbukumbu, na baada ya hapo kimya.

Jumapili nilimpigia mama. Alikuwa ametoka kanisani. Nilimsimulia yote, naye alicheka sana pale pa koti, mpaka akakohoa. Nikamwambia na ya kibarazani, na ya mikrofoni mara ya pili.

"Alisema Ijumaa?" akauliza.

"Alisema Ijumaa, mama."

"Ijumaa hii inayokuja?"

"Hiyo hiyo."

"Baba," akaniambia, kama anavyoniita tangu utoto, "ungeniacha niingie Ijumaa, Jumamosi ukamtukana. Watu wako wa London wangekimbilia wapi?"

Nilimwambia mtu yule angemdanganya, kwamba lango lisingefunguliwa. Akasema huenda. Akasema pia kwamba yeye ameshadanganywa mara nyingi na hakufa, angeweza kudanganywa mara moja zaidi kwa ajili ya mumewe.

Ijumaa alikwenda. Hakuniambia kabla, nilisikia kwa jirani. Alifika asubuhi na ufagio wake wa chelewa, akakaa kando ya lango la buluu kwenye jiwe. Mlinzi, mtu mzima mwenzake, alimletea kigoda. Saa sita jua lilipokuwa kichwani na hakuna aliyekuja, mlinzi akamwambia kwamba akimruhusu kuingia atafukuzwa kazi, lakini hakuna aliyemkataza yeye mlinzi kufagia. Mama akalala kifudifudi vumbini, akamsukumia mlinzi ufagio chini ya lango. Kisha akakaa akisikiliza. Alimwelekeza kwa sauti: anzia kichwani, usivuke miguu, majani yatupe upande wa mparachichi.

Anasema inatosha, nisimfuate tena mtu yule. Ameniambia hivyo mara tatu, na mara ya mwisho alilia.

Mimi nimeshasikia kuna mkutano mwingine wa viwanja mwezi ujao, upande wa Croydon, na mgeni rasmi ni yeye. Nimeomba ruhusa kazini. Nitakaa mbele.